Mazoezi ya kulegeza shingo: mbona nafuu haidumu? Shingo imekaza au imechoka?

#1 Mwana wa Mwajuma
Habari wakuu.

Mwaka wa nne huu naishi na maumivu ya shingo. Ni upande wa kulia, kuanzia kisogoni kushuka hadi begani, pamekaza kama kamba iliyoloweshwa ikakaukia juani. Nimepigwa picha, nikaambiwa hakuna cha kutisha. Nikapewa karatasi ya mazoezi ya kulegeza misuli: pandisha mabega, yaachie, kunja uso, uachie, vuta pumzi hadi tumboni. Kila jioni nayafanya dakika 20 bila kukosa. Nikimaliza nakuwa mwepesi, shingo inageuka pande zote. Baada ya saa moja au mbili kamba imerudi palepale.

Swali: haya mazoezi yanatibu au yanapoza tu? Na kama tatizo ni misuli kukaza, mbona ikishalegea haibaki imelegea? Nawaomba hasa mliokaa na hali hii zaidi ya mwaka mseme mlichofanya.

#2 Mgeni Njoo
Naweka kambi hapa. Mimi mwaka wa pili.

#3 Jicho la Tai
Simu hiyo mkuu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5. Ukiinamia simu kwa nyuzi 60 kinafika kilo 27. Ni kama umebeba mtoto wa miaka minane shingoni kutwa nzima. Legeza utakavyolegeza, ukishika simu tena umeanza upya.

#4 Kalamu Nyekundu
Jicho la Tai, hapo tupaweke sawa. Kichwa hakiongezeki uzito. Zile kilo 27 zilitokana na hesabu ya kompyuta aliyoifanya mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj. Alikadiria nguvu inayoielemea shingo ikiinama. Hakuwapima watu wenye maumivu. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil waliwaangalia vijana 150 wa miaka 18 hadi 21, wakalinganisha wanavyoinamia simu na maumivu ya shingo waliyonayo. Hawakuona uhusiano.

Haimaanishi uinamie simu hadi usiku wa manane. Ila tusimpe mleta uzi jibu jepesi kwa jambo lililomtesa miaka minne.

#5 Jicho la Tai
Nimepokea masahihisho. Hata hivyo mimi nilipoanza kuinua simu usawa wa macho nilipata nafuu wiki ileile. Huo ndio ushahidi nilionao.

#6 Sindano na Uzi
Pole sana, Mwana wa Mwajuma. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 17 huu, na shingo ilianza mwaka wa 9. Nilipewa mazoezi hayohayo na nikalia kilio hichohicho.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu. Siku moja alinirekodi kwa nyuma nikishona, akitaka tu kuonyesha nguo niliyokuwa naimalizia. Nilipoitazama ile video nilishtuka. Bega la kulia limepanda karibu na sikio. Nasukuma kitambaa, limepanda. Nasimamisha cherehani nitunge uzi, bado limepanda, na pumzi nimeibana mpaka uzi upite tunduni. Halafu nainuka kwenda kunywa maji, nimeshika kikombe, na bega liko kulekule juu. Kazi imeisha, bega halina habari.

Ndipo nikaelewa: nilikuwa nalegeza dakika 20 na kukaza saa tisa. Nikafunga kipande cha uzi mwekundu kwenye mkono wa cherehani. Kila jicho langu likikiangukia, nashusha pumzi taratibu na kuliacha bega lidondoke. Sekunde tatu nne, naendelea na kazi. Mwezi wa kwanza sikuona lolote. Mwezi wa pili nikaanza kulihisi bega likipanda kabla hata sijauona uzi. Maumivu hayajaisha, nisikudanganye. Ila zile siku za kushindwa kugeuza kichwa, zilizokuwa zikinijia kila wiki, sasa ni mbili tatu kwa mwaka.

#7 Kisomo
Alichokieleza Sindano na Uzi kina maelezo yake. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alitoa nadharia kuhusu misuli ya bega na shingo. Msuli haukazi wote kwa mpigo. Una vikundi vya nyuzi, na vile vidogo ndivyo vinavyoitwa kwanza, hata kwa kazi nyepesi, na ndivyo vya mwisho kuruhusiwa. Akaiita nadharia ya Cinderella, yule msichana wa hadithi anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote.

Kwa hiyo unaweza kuwa na kazi isiyotumia nguvu kabisa, na bado kuna nyuzi chache begani ambazo tangu asubuhi hazijapata hata nusu dakika ya kupumzika. Shida si uzito wa kazi, ni kazi isiyo na mapengo. Dakika 20 za jioni ni pengo moja tu, tena limekuja siku imeshakwisha.

#8 Jicho la Tai
Kwa hiyo Kisomo, ni simu au si simu?

#9 Kisomo
Ni kutopumzika, mkuu. Uwe umeshika simu, sindano au usukani, msuli hauulizi.

#10 Dereva wa Usiku
Umetaja usukani, ngoja niseme yangu. Na mimi nilipata maelekezo ya kukaza na kulegeza. Niliyasikiliza kwenye simu, yule msomaji akasema "kaza shingo yako yote", nami nikakaza kweli, meno juu. Kitu kikanyofoka upande wa kushoto. Siku tatu nzima nikitaka kuangalia kioo cha pembeni nageuza kiwiliwili chote. Tangu siku hiyo sijarudia.

#11 Mgeni Njoo
Hilo ndilo linaloniogopesha. Karatasi yangu imeandika "kaza, legeza" basi. Kaza kiasi gani? Unashikilia muda gani? Nielekezeni kama mtoto.

#12 Fizio Mtulivu
Dereva, pole. Kosa hilo nakutana nalo sana kazini, maana watu wakisikia "kaza" wanatia nguvu zote walizo nazo. Nafanya kazi ya fiziotherapia, naeleza ninavyowaelekeza wagonjwa wangu.

Lala chali, mto mwembamba kichwani, mwingine chini ya magoti. Anza mbali na shingo. Kunja ngumi ya kulia kwa theluthi ya nguvu zako, hesabu polepole hadi tano, kisha iachie kwa mara moja, kama umekata kamba. Baada ya hapo usifanye chochote kwa sekunde 20 hadi 30. Hizo sekunde ndizo zoezi lenyewe. Kule kukaza kulikuwa utangulizi. Sikiliza vidole vinavyokuwa vizito na ngozi ya kiganja inavyopata joto. Nenda mkono wa pili, paji la uso, taya. Ndipo mabega: yapandishe nusu ya njia kuelekea masikioni, hesabu tano, yaache yaanguke. Shingo iwe ya mwisho, na kuikaza kwake ni kukilaza kichwa kwenye mto kwa uzito kidogo tu, kama unataka kuacha alama kwenye mchanga laini. Maumivu yakipanda, umezidisha.

Aliyeanzisha njia hii, daktari Edmund Jacobson wa Chicago, aliyeichapisha mwaka 1929, alitaka mtu ajifunze kuitambua hali ya kukaza ingali ndogo kabisa, halafu aweze kuiachia bila kukaza kwanza. Sindano na Uzi amefika huko kwa kutumia kipande cha uzi.

#13 Usiku Mrefu
Jacobson si ndiye yule Mjerumani wa "mkono wangu ni mzito, mkono wangu una joto"?

#14 Kalamu Nyekundu
Hapana, huyo ni Johannes Heinrich Schultz, daktari wa magonjwa ya akili, aliyechapisha njia yake Ujerumani mwaka 1932. Jacobson alikuwa Mmarekani. Kwa Schultz hukazi chochote, unarudia maneno kimoyomoyo huku umeelekeza fikra kwenye kiungo kimoja.

#15 Usiku Mrefu
Shukrani. Basi mimi ni wa Schultz bila kujua. Ya kukaza yaliniongezea maumivu, haya ya maneno yananilaza. Shingo asubuhi iko vilevile, lakini angalau nimelala. Kabla ya hapo nilikuwa naiona saa nane, saa tisa, saa kumi, zote.

#16 Mkono wa Chuma
Wakuu, mtanisamehe, lakini mnamzungusha mleta uzi. Shingo dhaifu hukaza kwa sababu imechoka. Ukiilegeza bila kuitia nguvu, unamlaza mbebaji dakika 20 kisha unamtwisha mzigo uleule. Ndiyo maana kamba inarudi. Dawa ni kuitia nguvu: mpira wa mazoezi, vyuma vya mkononi, mara tatu kwa wiki. Mimi niliteseka miaka sita, nimepona kwa miezi saba.

Na utafiti upo. Finland, mwaka 2003, waliwachukua wafanyakazi wa kike wa ofisini wenye maumivu sugu ya shingo, kundi moja likafundishwa kulegeza misuli. Halikupata nafuu kuliko walioendelea na maisha yao ya kawaida.

#17 Kalamu Nyekundu
Mkono wa Chuma, umesoma nusu ya ukurasa. Walikuwa wanawake 393, makundi matatu: mazoezi ya misuli, mazoezi ya kulegeza, na walioendelea na shughuli zao. Wiki 12 za mafunzo, wakafuatiliwa hadi mwaka mmoja. Hakukuwa na tofauti ya maana ya maumivu kati ya makundi yote matatu. Yote. Hata la mazoezi ya misuli halikuwashinda waliokaa.

#18 Mkono wa Chuma
Na wewe umesahau utafiti wa pili wa hukohuko Finland, mwaka huohuo. Wanawake 180, mwaka mzima badala ya wiki 12. Waliojenga nguvu na waliojenga ustahimilivu wa misuli ya shingo walipungukiwa maumivu kuliko waliopewa mazoezi ya kunyoosha na ya kuchangamsha moyo na mapafu peke yake. Tofauti ni muda na uzito wa mazoezi. Wiki 12 za mazoezi mepesi hazijengi shingo.

#19 Kalamu Nyekundu
Huo naukubali, ni utafiti mzuri. Lakini kama unawaruhusu wenzako wa mazoezi ya nguvu kusema "wiki 12 hazikutosha", waruhusu na wa kulegeza waseme hivyohivyo. Sindano na Uzi mwezi wa kwanza hakuona kitu.

#20 Sindano na Uzi
Kweli kabisa. Wangenipima mwezi wa kwanza wangeandika sifuri.

#21 Mkono wa Chuma
Haya, nimewasikia. Ila mleta uzi anza kuitia nguvu, utanikumbuka.

#22 Mlezi
Nasoma kimya tangu jana, ngoja na mimi niseme.

Namlea mama yangu, hawezi kugeuka kitandani mwenyewe. Nikamwambia mtaalamu kwamba shingo inauma kwa sababu ya kumnyanyua. Akaniambia niandike kwenye daftari: siku gani inauma, nimefanya nini. Nikaandika wiki tano. Siku za kumwogesha na kumgeuza mara nyingi hazikuwa ndizo mbaya. Siku mbaya zilikuwa zile nilizomsikia akikohoa usiku, nikalala nikisikiliza kama atakohoa tena. Nalala chali, gizani, sijabeba kitu, na asubuhi kichwa hakigeuki.

Mazoezi ya nguvu siwezi kuyapatia muda, na ya kulegeza nikiyafanya karibu naye nakuwa bado nasikiliza. Sijui niyaweke wapi.

#23 Pumzi Ndefu
Mlezi, Mungu akutie nguvu. Hilo la kusikiliza gizani nalijua. Jiangalie siku hiyo unavyopumua. Mtu anayesikiliza kwa hofu hupumua kwa kifua cha juu, au hapumui kabisa. Kuna misuli pembeni mwa shingo iliyoshikamana na mbavu mbili za juu, kazi yake ni kusaidia kuziinua pumzi ikihitajika. Ukipumua kwa kifua cha juu kutwa na usiku, unaipa zamu isiyo na mwisho.

Mimi nafanya hivi: kiganja kimoja kifuani, kingine juu ya kitovu. Navuta kwa pua kwa hesabu ya nne, cha chini kinyanyuke, cha juu kitulie. Natoa kwa hesabu ya sita, midomo imeachana kidogo. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Mara kumi tu, ni kama dakika moja na nusu. Unaweza kufanya huku ukimsikiliza mama, masikio hayazuiwi.

#24 Kisomo
Dakika moja na sekunde 40, kwa sekunde 10 kila pumzi.

#25 Pumzi Ndefu
Haya mwalimu wa hesabu, nimekosea sekunde kumi.

#26 Meno Matatu
Hamjataja taya. Daktari wa meno ndiye aliyenigundua mimi, kwa kuona meno ya nyuma yamesagika. Nilikuwa nasaga usingizini na kubana mchana. Mtu akinyamaza kawaida, midomo hukutana lakini meno ya juu na ya chini hayagusani, yanaachana kidogo. Hili sikulijua mpaka nina miaka 41. Nikaanza kuweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, taya ikining'inia. Shingo ikaachia kwa kiasi ambacho kukandwa miaka miwili hakukufanya.

#27 Jicho la Tai
Nimeyaangalia yangu sasa hivi, yamegusana. Yamebana hasa.

#28 Mgeni Njoo
Yangu pia!

#29 Kalamu Nyekundu
Ya kwangu pia, nakiri. Ila mjue kwamba shingo haituumi sote.

#30 Binti Salama
Ninalotaka kusema silioni likisemwa popote. Mimi nikilegea naogopa. Nikifika kwenye sekunde zile 20 alizosema Fizio Mtulivu (#12), moyo unakwenda mbio, nahisi kama naanguka. Nilijaribu mara nne nikaona mimi ndiye mwenye kasoro, kila mtu anasema anatulia.

#31 Fizio Mtulivu
Binti Salama, huna kasoro. Hali hiyo inajulikana, baadhi ya watu hupata wasiwasi pale mwili unapoanza kutulia, hasa waliozoea kujilinda muda mrefu. Usilale chali wala usifumbe macho. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, macho wazi yakitazama kitu kimoja. Fanya mikono tu, pumziko la sekunde tano. Au tumia mwendo: tembea, na kila hatua acha mikono ibembee kutoka begani. Hiyo nayo ni kulegeza. Kama hofu ina chanzo unachokijua, zungumza na mtu wa ushauri nasaha pia, shingo isibebe peke yake.

#32 Binti Salama
Asante sana. Nimesoma mara mbili.

#33 Kisomo
Narudi kwa mleta uzi, maana kuna jambo halijaguswa. Amesema picha haikuonyesha cha kutisha. Wengine wetu picha zilionyesha diski (vile vitanda laini kati ya pingili za shingo) zilizotokeza, tukaamini shingo imeharibika. Wajapani waliwapiga picha za MRI watu 1,211 wasio na maumivu yoyote ya shingo, matokeo yakatoka mwaka 2015: asilimia 87.6 walikuwa na diski zilizotokeza. Hawaumwi! Kwa hiyo picha mbaya haimaanishi maumivu, wala picha nzuri haimaanishi mtu anajisingizia.

Maumivu yakipita miezi mitatu yanaitwa sugu, na kwa wengi wakati huo mfumo wa fahamu umeshakuwa mwepesi wa kupiga king'ora. Mguso mdogo, king'ora kikubwa. Kwa maoni yangu kulegeza misuli kunasaidia kwa kukituliza king'ora, zaidi ya kuinyoosha kamba. Huenda ile "kamba" unayoihisi, Mwana wa Mwajuma, si ngumu kwa mkono wa mtu mwingine kama ilivyo kwako ndani.

#34 Mkono wa Chuma
Sasa unamwambia ni mawazo tu?

#35 Kisomo
Hapana, na tafadhali usiniwekee neno hilo mdomoni. King'ora kinacholia kinalia kweli. Nilichosema ni kwamba chanzo cha sauti si lazima kiwe pale inaposikika.

#36 Muuguzi wa Zamu
Kabla uzi haujaenda mbali. Anayesoma hapa mwenye dalili hizi aache mazoezi aende hospitali: mkono au kiganja kinachopoteza nguvu, vitu vinamdondoka, ganzi inayoenea, miguu inayoyumba au mkojo usiozuilika, maumivu yaliyoanza baada ya ajali au kuanguka, homa, kupungua uzito bila sababu, au kama aliwahi kuugua saratani. Shingo ngumu yenye homa na kichwa kikali ni dharura, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Maumivu ya kifua yanayopanda shingoni, kwenye taya au mkononi, usiyaite misuli.

Na wale wanaowapa watu shingo wazizungushe kwa nguvu mpaka zilie "ko": ni nadra, lakini mshipa wa damu wa shingoni umewahi kuchanika kwa kuzungushwa kwa nguvu, na matokeo yake ni kiharusi. Legezeni kwa upole.

#37 Dereva wa Usiku
Hilo la kuvunjwa nilikuwa nafanyiwa kila mwisho wa mwezi. Nimeacha leo.

Fizio Mtulivu, nimerudia zoezi lako kwa theluthi ya nguvu. Hapakutokea mnyofoko. Naulizia tu, mto uwe wa urefu gani?

#38 Fizio Mtulivu
Ukilala ubavu, ujaze nafasi kati ya sikio na bega, pua ibaki kwenye mstari na katikati ya kifua. Ukilala chali, mwembamba zaidi. Kulala kifudifudi ndiko kunakoilazimisha shingo igeuke upande mmoja usiku kucha.

#39 Usiku Mrefu
Mimi nimejaribu mito sita. Kwa uzoefu wangu mto unaofaa ni ule uliouzoea.

#40 Meno Matatu
Tukianza mambo ya mito hatutamaliza, tumrudie mleta uzi. Mwana wa Mwajuma uko wapi?

#41 Mwana wa Mwajuma
Nipo wakuu, nilikuwa najaribu kabla ya kuleta mrejesho. Leo ni wiki ya tano tangu nifungue uzi.

Sina cherehani, nikabandika karatasi nyekundu kwenye kona ya kompyuta. Nilitegemea kujikuta nimekaza ninapoandika. Sivyo. Nikiandika mabega yako chini. Yanapanda ninaposubiri. Nimetuma ujumbe, naona alama kwamba mtu wa upande wa pili anaandika, na hapo ndipo kidevu kinakwenda mbele, meno yanakutana, bega la kulia linapanda. Sishiki kitu chochote. Jibu likija, hata likiwa zuri, halishuki mpaka nilione. Mlezi, nilikukumbuka hapo. Nadhani na mimi nasikiliza gizani, mchana.

Nilichobadilisha: dakika 20 za jioni nimezifanya 10, nyingine nimezitawanya mchana kwa sekunde chache chache. Natoa pumzi ndefu nikisubiri jibu. Na nimeanza zoezi la kulala chali na kukitikisa kidevu kidogo kama mtu anayesema "ndiyo" bila kunyanyua kichwa, sekunde 10, mara 10, nililofundishwa na fizio wangu kwa ajili ya misuli ya ndani ya shingo.

Matokeo: maumivu yalikuwa sita kwa kumi, sasa nne na nusu, tano. Nafuu ya jioni ilikuwa ikidumu saa moja au mbili, siku nyingine sasa inanifikisha kitandani. Juzi iliuma kama zamani, kutwa nzima, na sijui kwa nini.

#42 Mkono wa Chuma
Hilo la "ndiyo" ni zoezi la nguvu. Nilisema utanikumbuka. Hongera!

#43 Pumzi Ndefu
Na ile pumzi ndefu ameiona mkuu, usiirukie.

#44 Kisomo
Amebadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja, hakuna kati yetu anayeweza kudai ushindi. Wiki tano pia ni muda ambao shingo inaweza kupungua yenyewe ikarudi yenyewe.

#45 Sindano na Uzi
Mimi nimefurahi tu kwamba amelijua bega lake linapanda lini. Mwenzangu, usishangae siku moja moja ikirudi kama zamani. Mimi bado zinanijia.

#46 Mlezi
Mwana wa Mwajuma, asante kwa kunikumbuka. Nimeanza zile pumzi kumi mama akikohoa. Jana nilifika ya saba nikapitiwa na usingizi. Shingo bado.

#47 Kisomo
Mwana wa Mwajuma, kama uko tayari: acha zoezi la "ndiyo" wiki mbili, mengine yaendelee vilevile, uandike namba kila jioni. Kisha lirudishe.

#48 Mkono wa Chuma
Napinga. Aache kulegeza wiki mbili, zoezi la "ndiyo" libaki. Ndipo tutajua.

#49 Mwana wa Mwajuma
Nitaanza na la Kisomo, kwa sababu kulegeza ndiko kunakonilaza na kazini wiki hizi mbili nina mambo mengi. Baada ya hapo nitafanya la Mkono wa Chuma. Naandika namba kuanzia leo: leo ni tano.